GP100 na 642 renjini: moja hukusikiliza, nyingine yataka kusikilizwa

Wauguzi wenzangu wameniuliza sana ni ipi bora kati ya rivolva mbili nilizonunua: Ruger GP100 ya .357 Magnum, au Smith & Wesson 642 ya .38 Special (.357 na .38 ni aina za risasi). Jibu langu ni kwamba ukitaka kujifunza shabaha na kuifurahia, chukua GP100. Ile 642 ni ya kubeba tu, na ukiilisha risasi isiyoipenda utaichukia bure.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nafanya zamu za usiku hospitalini huku Arlington, Texas. Kuinua wagonjwa miaka yote hii kumenila viganja. Bastola ya magazini ina ile sehemu ya juu ambayo lazima uivute kwa nguvu ndipo ikoki, na siku baridi ikinibana sina nguvu hizo. Rivolva haina habari hiyo. Unafungua silinda, kile kipipa kinachozunguka chenye matundu ya risasi, unatia risasi, unafunga.

Kununua kulikuwa kwepesi hata nikaona haya kuwasimulia watu wa nyumbani. Nilijaza fomu 4473, ile ya serikali kwa wanunuzi wa silaha, dukani, jina likakaguliwa na FBI, nikalipa. Kwetu Kenya hupati kitu bila cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha, na sawa sawa, maana wepesi wa huku una machozi yake, na sisi wa wodi ya dharura ndio tunayoyapangusa.

Renjini, yaani uwanja wa kulenga shabaha, nilikwenda na shemeji, mume wa dadangu, aliyekuwa askari kwetu na kubeba bunduki ya G3. Yeye hana imani na kitu chochote kipya kabla hajakikagua. Nyumbani, risasi zikiwa chumba kingine, alinifanya nizungushe silinda ya GP100 polepole huku nikikoki kwa kidole gumba, tundu moja baada ya jingine, tusikie kama kila moja linajifunga kabla nyundo haijafika mwisho. Kisha akapitisha kitambaa ndani ya mtutu kutoa mafuta ya kiwandani, na kukaza skrubu za mpini. Usiruke hatua hii. Skrubu iliyolegea itakufanya uilaumu shabaha yako mchana kutwa.

Tulianza na GP100. Ni chuma cha pua kitupu, mtutu wa inchi 4.2, uzito wake unapita kilo moja hata bila risasi. Mkononi ni nzito kama chungu cha biriani, lakini uzito huo ndio unaomeza teke, ule msukumo wa nyuma unapofyatua. Ukiipiga kwa risasi za .38 Special, ambazo inazikubali bila taabu, haikusumbui kabisa.

Raha yake kubwa ni kilengeo cha nyuma, kile chenye pengo, ambacho unaweza kukihamisha kwa bisibisi ndogo. Niliketi, viganja juu ya mfuko wa mchanga (viganja, si mtutu, mtutu ukiegemea kitu kigumu risasi hubadili pa kutua), nikapiga karatasi iliyo yadi 15 kwa risasi za greni 158 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi). Matundu yalikusanyika vizuri, ila kama inchi mbili kulia na inchi moja na nusu chini ya nilipolenga. Nikataka kushika bisibisi palepale. Shemeji akasema, "Ngoja, mwanamke. Mgonjwa ni nani hapa, wewe au bastola?" Akaketi yeye, akapiga. Matundu yake yakakaa palepale yalipokaa yangu. Ingekuwa yake yamepiga katikati, ugonjwa ungekuwa wa kidole changu. Wala hii si kasoro ya kiwanda. Kilengeo cha namna hii hutoka kikingoja macho na risasi za mwenyewe.

Kanuni ni kukisogeza kilengeo cha nyuma upande ule ule unaotaka risasi iende. Kwa GP100, mlio mmoja wa skrubu huhamisha pigo kama robo tatu ya inchi kwa yadi 25, kwa hiyo kwa yadi 15 haufiki hata nusu inchi. Nikahesabu milio minne kwenda kushoto na mitatu kwenda juu. Karatasi mpya, na matundu yakakaa katikati. Nilipiga kelele mpaka mzee wa laini ya pili akachungulia. Muhimu ni kutofukuza tundu mojamoja. Piga tano, tazama kitovu cha kundi lote, ndipo uguse skrubu.

Kisha tukatia .357 za greni 125, na pigo likashuka tena. Hapo ndipo wengi hudhani bastola imeharibika. Risasi nyepesi yenye kasi hutoka mtutuni mapema, kabla teke halijainua mdomo wa bastola. Ile nzito na ya polepole hukawia ndani, mdomo unainuka nayo bado haijatoka, basi inatua juu zaidi. Amua utatumia risasi gani, weka kilengeo kwa hiyo, halafu kiache. Na ukitoka kwenye .38 kwenda .357, sugua matundu ya silinda kwa brashi kwanza, kwa sababu ganda la .38 ni fupi na huacha pete ya masizi inayozuia ganda refu kuingia.

Sasa hii 642. Ina risasi tano, nyundo imefichwa ndani, fremu yake ni ya aloi ya alumini, na uzito ni gramu mia nne na kitu. Mkobani husahau kama ipo. Lakini haina kilengeo cha kuhamisha: nyuma ni mfereji uliochongwa kwenye fremu, mbele ni kipande kidogo cha rangi ileile ya kijivu ambacho macho yangu ya miaka hamsini hayakioni. Nilikipaka rangi ya kucha, ya machungwa, tabaka mbili. Nimepaka na ya GP100. Dawa ya dola tatu.

Kwa hapa bisibisi haina kazi. Unachobadilisha ni risasi. Kwa yadi 7, greni 110 zilitua chini waziwazi. Greni 158, uzito wa kawaida wa .38 tangu zamani, zikatua karibu kabisa na nilipolenga. Ila teke lake! Kifyatulio nacho ni kizito, na huwezi kukikoki kwanza ili kiwe chepesi. Nikipiga silinda chache ngozi ya kati ya kidole gumba na shahada inawaka. Mwenye mikono mibovu zaidi ya yangu asiinunue bila kuijaribu kwanza, hata muuzaji akimwambia ndogo ndiyo ya wanawake. Maneno hayo nayasikia kila duka na yananichosha.

Kuna jaribio jingine la bastola nyepesi ambalo dukani huambiwi. Jaza tano, piga nne, toa ya tano, ilinganishe na mpya kutoka boksini. Teke huweza kuivuta risasi itoke kidogo kwenye ganda lake, na ikichomoza mbele ya silinda, silinda haizunguki tena. Boksi moja la bei rahisi nililojaribu lilifanya hivyo. Sikulirudia.

Renji yenyewe ni ya ndani, na naipa alama nzuri: mifuko ya mchanga wanaazima bure, karatasi inakwenda na kurudi kwa mota, na msimamizi hana mchezo. Mtu akisimama mbele ya mstari mwekundu wote wanasimamishwa. Ila .357 ndani ya kuta inapasua masikio. Vaa vizibo, halafu vifuniko juu yake. Vidole visipite mbele ya silinda, maana moto hutokea kwenye ule mwanya ulio kati yake na mtutu. Na kabla hujagusa chakula nawa kwa maji baridi na sabuni, kwani mikono imejaa risasi ya aina nyingine, ile madini.

GP100 nimelipa kama dola 850, 642 kama 450. Nikiambiwa nirudishe moja, narudisha 642 na pesa zote naziweka kwenye risasi za greni 158. Shemeji hakubali. Ameniomba nimwuzie.