Mwalimu wa Kupanda Farasi Uingereza: Ununue Bima Ipi?

Jumamosi moja ya Novemba mteja wangu aliniachia hatamu za farasi jike wake, akakimbilia garini kuchukua glavu. Ndege mkubwa akachomoka kichakani kwa kishindo. Farasi akashtuka, akarudi kinyumenyume hadi kwenye lango la chuma, na ngozi ya mguu wa nyuma ikachanika. Bili ya daktari wa mifugo ikaja kwangu, nami nikapiga simu kwenye bima kwa moyo mweupe. Dada wa upande wa pili akanisomea kipengele kwa upole: mali ya mtu mwingine iliyo mikononi mwa mwenye bima hailipiwi. Nililipa mwenyewe, kidogo kidogo, hadi Pasaka.

Ndiyo maana orodha hii sikuipanga kwa bei. Kwa mwalimu anayejitegemea, swali la kwanza ni farasi ni wa nani na nani amemshika wakati jambo linatokea.

Kuhusu sheria nitasema machache. Ukifundisha peke yako juu ya farasi wa mteja, hakuna sheria ya England inayokulazimisha kukata bima. Ukianza kukodisha farasi wako kwa masomo, unahitaji leseni ya halmashauri chini ya kanuni za 2018 za shughuli za wanyama, na leseni hiyo inadai bima ya dhima, yaani ile inayolipa mtu mwingine akiumia au akipata hasara kwa sababu yako. Ukimwajiri mtu, hata binti wa wikendi wa kusafisha mabanda, sheria ya 1969 inakutaka uwe na bima ya dhima ya mwajiri isiyopungua pauni milioni 5. Faini ya kutokuwa nayo inafika pauni 2,500 kwa siku.

Mwenye farasi wake ana mzigo wa ziada. Sheria ya Wanyama ya 1971 inaweza kumbana hata kama hakufanya uzembe wowote. Katika kesi ya Mirvahedy dhidi ya Henley, farasi walitishwa na kitu usiku huko Devon, wakavunja uzio, wakaingia barabara kuu na kugongana na gari. Uzio ulikuwa sawa, wenye farasi hawakuonekana wazembe, na bado mwaka 2003 mahakama ya juu ya wakati huo iliamua wanawajibika.

1. Bima ya mwalimu kupitia dalali wa bima za farasi. Hii ndiyo ningekata kesho asubuhi. Hakikisha ina vitu vitatu: dhima kwa umma, dhima ya ushauri na mafunzo unayotoa, na farasi wa mteja aliye chini ya uangalizi wako. Hicho cha tatu mara nyingi huongezwa kwa malipo ya ziada na huwa na kikomo kwa kila farasi. Kikomo cha pauni 5,000 hakikusaidii chochote ukiwa umeshika farasi wa mashindano wa pauni 30,000. Mwandikie dalali, usimpigie: "Mteja akiniachia hatamu kwa dakika mbili na farasi akaumia, mnalipa?" Jibu lake lihifadhi. Mtajie pia kama unafundisha kuruka vikwazo, watoto wadogo, au unafunza farasi wachanga ambao hawajazoea tandiko. Bei ukipewa, uliza kama kodi ya bima ya asilimia 12 imo.

2. Uanachama wa kitaaluma wa British Horse Society, chama cha watu wa farasi cha Uingereza. Walimu waliosajiliwa humu hupata bima ndani ya ada yao, lakini lazima wawe na mafunzo ya huduma ya kwanza, ya ulinzi wa watoto, na ukaguzi wa rekodi za polisi. Kama mitihani yao unayo tayari, wewe ifanye namba moja, ila swali la hatamu waulize na wao. Usiichanganye na uanachama wa Gold wa chama hichohicho: huo unamlinda mpanda farasi wa kujifurahisha, si anayelipwa kufundisha. Nimekutana na walimu waliojiamini na kadi ya Gold miaka nenda rudi.

3. Bima ya jumla ya waliojiajiri. Dakika tano mtandaoni, bei nzuri. Nyingi hazigusi mambo ya wanyama, na hilo hufichwa kwenye maandishi madogo. Kama kazi yako haikuandikwa kwa jina, achana nayo.

4. Bima ya shule unakofundisha. Si kitu cha kununua, lakini wengi huiegemea. Inailinda shule. Kampuni ya bima inaweza kumlipa aliyeumia kisha ikakugeukia wewe kudai fedha zake. Omba barua inayosema umo.

5. Fomu ya "napanda kwa hatari yangu mwenyewe." Tangu 1977 sheria hairuhusu biashara kujivua dhima ya kifo au jeraha lililotokana na uzembe wake. Fomu ijazwe, ndiyo, ujue uzito na uzoefu wa mtu kabla hujampa farasi. Kinga haimo.

Sasa jambo ambalo madalali hawalitaji mpaka uulize. Mtu mzima ana miaka 3 ya kudai fidia ya jeraha. Mtoto huanza kuhesabiwa akifika miaka 18, kwa hiyo aliyeanguka leo ana miaka 8 anaweza kukushtaki mpaka atimize 21, miaka 13 baadaye. Kuna bima inayoangalia tukio lilitokea lini, na kuna inayoangalia dai limeletwa lini. Ukiwa na hii ya pili, ukastaafu na kuacha kulipa, dai likija linakukuta mtupu. Kwa anayefundisha watoto, chukua ya kwanza.

Na karatasi zitunze. Sisi tuliotokea kwenye usaisi, kazi ya kutunza farasi wa wengine, kule Kenya hatukuzoea makaratasi, farasi alikuwa wa bwana na lawama pia. Mimi sasa kila somo naandika: tarehe, farasi gani, uwanja ulikuwaje, helmeti nilikagua. Vyeti vyote vya bima, hata vya miaka iliyokwisha, viko kwenye kopo la biskuti chini ya tandiko la akiba.