TAHADHARI: Muuzaji wa vioo "vya kale" vya Venice vyenye maua ya vioo vya rangi

Ndugu wasomaji, hasa mnaoishi Italia au mnaoagiza samani za zamani kutoka huko, jihadharini na muuzaji anayetangaza mitandaoni vioo vya kujitazamia na meza za kujipambia zenye maua ya vioo vya rangi, akidai kwamba ni kazi ya karne ya 18 ya mafundi wa Murano, kisiwa cha Venice, na kwamba anaviuza kwa sababu ya mirathi ya ukoo. Jina silitaji, kwani hulibadilisha kila mara. Mbinu zake ndizo zisizobadilika.

Shemeji yangu alimlipa, kioo kikafika, nami nikakikagua kwa kuwa kukarabati samani ndiyo kazi yangu. Mgongoni kilikuwa na tabaka la fedha lililofunikwa kwa rangi ya kijivu. Vioo vya Venice vya karne ya 18 vilipata mng'ao wake kwa bati na zebaki, ilhali njia ya kupaka fedha ilibuniwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1835. Kwa hiyo kioo chenye fedha hakiwezi kuwa cha karne hiyo, isipokuwa kama bapa la awali lilibadilishwa au lilipakwa upya baadaye, jambo ambalo muuzaji mwaminifu hulisema kabla ya kutaja bei. Ubao wa nyuma ulikuwa plaiwudi, umekazwa kwa skrubu za kichwa cha msalaba, ambazo zilienea katika miaka ya 1930.

Kilichonikera zaidi ni maua. Yalilingana yote, kila moja likiwa na mstari wa kalibu ubavuni, wakati ua lililofinyangwa kwa mkono kioo kikiwa cha moto halilingani sawasawa na jirani yake. Buluu, ambayo Murano huipata kwa kuyeyusha kobalti ndani ya kioo chenyewe, hapa ilikuwa ya kupakwa: niliikwaruza kwa ukucha ikabanduka.

Ukimwomba picha ya mgongo wa kioo, hujibu kwamba ni dhaifu mno kugeuzwa. Kisha hudai arbuni kwa njia ya benki, na baadaye fedha nyingine za "forodha", hata kwa mzigo usiovuka mpaka wa Italia. (Hapo ndipo wengi wanapaswa kushtuka.) Kwa anayeagiza kutoka nje ya nchi hiyo, fahamuni kwamba sheria ya Italia hudai tamko au kibali kutoka ofisi ya serikali kwa kitu cha kale cha zaidi ya miaka 70, na kwamba thamani ikizidi euro 13,500 tamko pekee halitoshi. Mwambie akuonyeshe karatasi hiyo kabla hujalipa chochote. Huyu hajawahi kuionyesha.

Aliyekwisha kulipa kwa kadi aiombe benki yake mapema irejeshe malipo, ahifadhi tangazo, mazungumzo na stakabadhi, na apeleke malalamiko kwa Polizia Postale, kitengo cha polisi wa Italia kinachoshughulikia utapeli wa mtandaoni.