Rivyu: Geobacter, bakteria wa kusafisha maji yenye urani, nyota 3 kati ya 5

Kabla ya yote, wale mnaosambaza kwamba kuna bakteria wanakula mionzi, punguzeni mzuka. Hakuna anayekula mionzi hapa. Nazungumzia kazi iliyofanyika Rifle, Colorado kule Marekani, palipokuwa na kiwanda cha kusaga mawe ya urani. Mabaki ya juu yalizolewa yakahamishwa lakini maji ya chini ya ardhi yalishachafuka, na kuyapampu yote uje uyasafishe juu ni hela nyingi na miaka mingi.

Nilichopenda zaidi ni kwamba bakteria wenyewe hawakuletwa, walikuwemo humo humo ardhini wana njaa tu. Mwaka 2002 watafiti wakamimina asetiti kwenye visima, hiyo ni ndugu yake siki, basi Geobacter wakala wakazaliana balaa. Sasa huyu mdudu akila lazima elektroni, vile vichembe vya umeme, azitupie mahali, kawaida anazitupia kwenye kutu ya chuma, ila urani iliyoyeyuka majini nayo anaitupia, na urani ikishazipokea haiyeyuki tena, inaganda kwenye udongo maji yanapita zake. Mtafiti wa bakteria Derek Lovley na wenzake walishalionyesha hilo tangu 1991.

Spidi sasa! Siku 9 tu urani ikaanza kushuka, na ndani ya siku 50 baadhi ya visima vikawa chini ya kiwango kilichotakiwa. Hapo ningetoa 5 bila kufikiria.

Shida ni baadaye. Kutu ya chuma ya kutupia elektroni ilipopungua wakaingia bakteria wa salfeti, wao wanazitupia kwenye chumvi ya salfeti, wakapora msosi wote, Geobacter wakapungua na urani ikapanda tena, yaani umelipia asetiti unalisha wageni. Nyota moja chini. Nyingine nakata kwa sababu urani bado iko pale pale, imefungwa tu, oksijeni ikipenya inaweza kuyeyuka upya, na ile urani-238 inachukua miaka bilioni 4.5 kupungua nusu.

Na msiwachanganye na Deinococcus radiodurans, yule aliyekutwa kwenye nyama ya kopo 1956, yeye anahimili grei 5,000, hicho ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini, wakati binadamu 5 zinatosha kumuua, lakini kuhimili siyo kusafisha.

Kwa maji yenye urani kidogo iliyosambaa eneo kubwa, nashauri. Kwa mabaki ya fueli ya kinu cha nyuklia, usijisumbue. Na sisi Watanzania wenye urani Namtumbo tuulize mapema, asetiti ya miaka mingapi, na bili anapelekewa nani?