Venus Doom ya HIM: Mapenzi Yanapogeuka Uraibu

Kati ya albamu zote nilizonazo za gothic metal, yaani muziki wa magita mazito wenye huzuni na giza, hii ya Venus Doom ya bendi ya HIM kutoka Helsinki, Finland, iliyotoka mwaka 2007, ndiyo ninayoirudia zaidi, kwa kuwa inayaeleza mapenzi kama uraibu bila kuyaremba. Anayeijua taarab amezoea kusikia kwamba penzi ni maradhi na kwamba mpenzi ndiye tabibu. Katika nyimbo 9 za albamu hii tabibu hayupo, na anayependwa ndiye kileo chenyewe.

Wimbo ulionishika kuliko yote ni Sleepwalking Past Hope, ambao ni wa dakika 10 hivi. Gita la Linde, mpiga gita wa bendi, linaingia zito na la polepole, linatulia kumpisha mwimbaji Ville Valo aimbe kwa sauti ya chini, kisha linarudi lilelile, na kila linaporudi ninamwona mtu aliyeapa kuacha akijikuta tena kwenye mlango alioapa kutoukanyaga. Arosto ya mapenzi, tamaa ile inayomrudisha mtu kwa anayemuumiza, sijaisikia ikielezwa kwa ala za muziki kwa ukweli kama huu. Nimeusikiliza usiku ndani ya matatu ya Rongai, muziki wa gari ukitikisa viti, na bado uzito wake ulinifikia kupitia spika za masikioni.

Valo mwenyewe alikuwa akipambana na ulevi wakati huo, na nadhani ndiyo sababu maneno yake hayana madaha. Katika Love Metal, albamu yao ya mwaka 2003, huzuni ya mapenzi bado ilikuwa na uzuri wa kuvutia. Hapa imebaki kiu tupu.

Wimbo wa Song or Suicide, wa dakika moja na ushei, unakatika kabla haujakolea, nami ningependa urefushwe. The Kiss of Dawn ndio mwepesi kushika kwa mgeni. Mgeni huyo aisikilize albamu hii kwa spika nzuri, kwa sababu kwenye spika ya simu besi na gita huchanganyika hadi kinanda kisisikike.

Ninaipendekeza kwa moyo wote kwa anayependa muziki mzito wenye sauti tamu. Aliyeachwa juzi, hata hivyo, ningemsihi aanze na Love Metal, na hii aiweke hadi atakapopata usingizi.