Redio kwanza, samaki baadaye: vifaa vya elektroniki vya kununua kwa boti ndogo ya uvuvi

Mvuvi akipata fedha ya kuweka kifaa botini, macho yake huenda moja kwa moja kwenye kitafuta samaki. Namwelewa. Dukani skrini inawaka, samaki wamejipanga kama wa kuchorwa, chini kunaonekana mwamba mzuri. Ila kumbuka hapo dukani hakuna bahari: ile ni picha ya mfano iliyowekwa na kiwanda.

Mimi napanga manunuzi kwa swali moja. Kifaa hiki kikizimika tukiwa mbali na nchi kavu, tutakosa nini? Kitafuta samaki kikizima, tutarudi na kitoweo kidogo. Redio ikizima siku ambayo mashine nayo imekataa kuwaka, hapo sizungumzii tena kitoweo.

Ya kwanza: redio ya VHF, ya kuongea chombo kwa chombo

Simu ya mkononi inaongea na mtu mmoja, tena mnara uwe karibu. Redio inasikiwa kwa mara moja na kila chombo kilicho jirani kinachosikiliza, na huenda boti iliyo maili mbili kutoka kwako ndiyo itakayokufikia mapema kuliko mwokoaji yeyote. Chaneli 16 ndiyo ya dharura na ya kuitana, bahari zote.

Zipo za mkononi, wati 5 au 6, na za kufunga botini, wati 25. Wengi hudhani wati ndizo zinazopeleka sauti mbali. Kwa sehemu tu. Mawimbi ya VHF husafiri karibu kama jicho linavyotazama, hayafuati mviringo wa dunia, kwa hiyo kazi kubwa inafanywa na urefu wa antena kutoka majini. Watu wawili walioketi kwenye boti za chini, kila mmoja na redio ya mkononi, watasikilizana maili chache basi. Ukiwa na mlingoti na betri, nunua ya kufunga na uipandishe antena juu kadiri inavyokwenda. Boti ikiwa wazi na mashine ni ya kuvuta kamba, chukua ya mkononi inayoelea, yenye alama ya IPX7, maana yake inavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Kisha ifunge kwenye jaketi okozi ulilovaa. Ukiiweka sandukuni, itazama na sanduku.

Tafuta yenye DSC, yaani kitufe chekundu chenye kifuniko. Ukikibonyeza, redio inatuma namba yako na mahali ulipo kupitia chaneli 70 bila wewe kusema neno. Lakini kwanza lazima iingizwe namba ya MMSI, tarakimu 9, inayotolewa na mamlaka ya nchi yako, na redio iwe na GPS ndani au iunganishwe na GPS ya botini. Nimeona boti kadhaa zenye kitufe hicho na namba haijawahi kuingizwa. Hilo ni pambo.

Ya pili: GPS na kitafuta samaki katika kifaa kimoja

Kwa boti ndogo napendelea kimoja kinachofanya yote mawili: skrini moja, waya mmoja, betri moja. Kasoro yake ni kwamba kikifa, vyote vimekufa. Kwa hiyo dira ya kawaida ibaki palepale, mbali na spika ya redio maana sumaku yake huipotosha, na simu iwe kwenye mfuko usiopitisha maji, ramani imeshapakuliwa. GPS ya simu haihitaji mtandao. Ila kidole chenye maji na magamba hakielewani na kioo chake, usiitegemee kwa kazi ya kila siku.

Skrini ya inchi 5 inatosha kama utaangalia kitu kimoja kwa wakati. Ukitaka ramani na samaki bega kwa bega, anzia inchi 7. Kabla ya kulipa, kitoe nje juani. Kama unavaa miwani ya jua, ivae, kwa sababu skrini nyingine hugeuka nyeusi ukizitazama kwa miwani ya kukata mng'ao.

Sasa masafa, yaani mtetemo wa sauti ambayo kitafuta samaki hutuma majini na kusikiliza mwangwi wake. kHz 200 huona kwa undani kwenye maji ya kina kifupi, kwa mwonzi mwembamba. kHz 50 hufika chini zaidi, lakini picha ni ya jumlajumla. Zenye teknolojia ya CHIRP hupitia masafa mengi mfululizo na kutenganisha samaki walio karibu na sakafu, na kama bei inakuruhusu, chukua hizo. Ujue pia kwamba mwonzi ni koni. Koni ya nyuzi 20 kwenye kina cha mita 30 inafunika duara la upana wa mita 10 hivi, kwa hiyo samaki unayemwona si lazima awe chini ya ndoano yako. Na zile alama za visamaki, zizime. Kifaa kinachora samaki hata kwa mwani na mapovu. Jifunze kusoma matao, yaani alama za upinde ambazo samaki huacha kwenye skrini, na ukiona mstari wa sakafu mnene unaofuatwa na kivuli chake chini, hapo pagumu, pengine mwamba.

Kinachoharibu kazi hii mara nyingi ni transdusa, kile kidude cha majini kinachotuma na kupokea sauti. Cha kwanza changu nilikifunga kwenye ubao wa nyuma, shibiri moja tu kutoka rafadha, kwa sababu waya uliishia hapo. Boti ikisimama, picha safi. Nikiongeza mafuta, skrini inajaa chengachenga, kina mita 2, mara 90, mara kimepotea. Nikakirudisha kwa muuzaji kwa hasira, nikapewa kingine, chengachenga zilezile. Mzee niliyekuwa natoka naye akavumilia hadi siku ya tatu, akainama kutazama nyuma, akasema, "Mwanangu, hapa kunachemka kama chungu. Chombo chako kinatazama povu." Tukakisogeza kuelekea ubavuni, upande ambao mapanga ya rafadha yanashuka, uso wake ukiwa chini kidogo ya ubao. Picha ikatulia. Muuzaji nilimwomba radhi.

Boti ya fibaglasi isiyo na tabaka la povu gumu (foam) ndani, transdusa inaweza kugandishwa kwa ndani ikaona kupitia sakafu, kwa kupoteza nguvu kidogo. Ya mbao, haiwezi.

Cha tatu: kinara cha dharura cha setilaiti

Ukivua mpaka pwani inapotea machoni, hiki kisogeze juu kiwe cha pili kwenye orodha. PLB hubebwa mwilini na hutuma kwa saa 24 au zaidi; EPIRB ni ya chombo, saa 48. Vyote hutumia MHz 406 na husikilizwa na Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa setilaiti za uokoaji. Kisajili, na soma tarehe ya betri. Cha mtumba cha MHz 121.5 peke yake kiache: setilaiti ziliacha kusikiliza masafa hayo tarehe 1 Februari 2009.

AIS na rada

AIS, mfumo ambao meli hutangaza kwa redio jina lake na mahali ilipo, inafaa ukivua usiku kwenye njia ya meli. Redio za VHF zenye kipokezi cha AIS ndani zipo, na kwa boti ndogo hizo zinatosha. Rada inakula umeme na nafasi. Nunua kiakisi cha rada, ukitundike juu, meli zikuone.

Umeme wa kuvilisha

Betri ya vifaa iwe mbali na ya kuwashia mashine. Kitafuta samaki kidogo hula chini ya ampea 1, lakini redio ya wati 25 wakati wa kuongea hula ampea 5 au 6. Betri ya asidi ya Ah (ampea-saa) 7 ihesabu kama 3.5, kwa kuwa ukiikamua zaidi ya nusu inakufa mapema. Fyuzi ikae karibu na betri, waya uwe wa shaba iliyopakwa bati.

Kwa mtumba, chomoa plagi utazame pini. Zikiwa na ukijani, chumvi imeshaingia. Na usikubali skrini bila transdusa yake, maana plagi za kampuni moja mara nyingi haziingii kwenye kifaa cha nyingine.