Mafunzo ya moto siku mbili, mtungi juu ya meza kama chombo cha maua

Nilishaapa sitaandika kitu, ila ankara imefika na hasira zimerudi upya.

Sisi ni kiwanda kidogo cha vitafunwa hapa Dar. Sambusa, kachori, visheti. Makarai yanachemka tangu alfajiri. Miezi kadhaa nyuma nikaita kampuni moja itupe mafunzo ya usalama wa moto. Mimi ndiye afisa utumishi, kwa hiyo aibu ni yangu.

Mwezeshaji alikuja na suti na projekta. Jiko liko wapi, hakuuliza. Mtungi wa kuzimia moto akautua mezani, ukashinda pale bila kuguswa, yeye akitusomea Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 kutoka ukutani, kifungu kwa kifungu. Waliotoka zamu ya usiku walilala waziwazi, na sikuwalaumu.

Ndipo mkaangaji wetu mmoja, mama mtu mzima, akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, mafuta yakishika moto kwenye karai, nimwagie maji au nifanyeje?"

"Mama, tusitoke nje ya mada. Maswali mwisho."

Mwisho haukufika. Kilifika chakula.

Nje ya mada! Mada tuliyokuwa nayo ni hiyohiyo moja. Maji yakiingia kwenye mafuta yanayowaka yanazama, yanageuka mvuke papo hapo, lita 1 inakuwa karibu lita 1,700, na mafuta yanaruka na moto wake hadi darini. Zima gesi, funika, karai usilisogeze. Kusema hivyo kungemchukua muda gani?

Halafu fomu ya tathmini: ukumbi ulikuwaje, chakula kilikuwaje. Kirkpatrick, msomi wa mambo ya mafunzo, aliandika tangu 1959 kuhusu ngazi 4 za kupima mafunzo, na kufurahi kwa washiriki ni ile ya kwanza tu. Mimi naitaka ya tatu: mtu akirudi kwenye karai lake, anafanya tofauti?

Haya, niseme na la upande wa pili. Barua yangu ya kuwaita ilikuwa mstari mmoja: mafunzo ya moto, watu 22. Kwamba tunakaanga, sikuandika. Na siku ya pili jioni, mwezeshaji akiwa kwenye simu, kijana wake wa kubeba nyaya alimfuata yule mama. "Shikamoo mama. Lile swali lako, twende nje nikuonyeshe." Akawasha mafuta kidogo kwenye sufuria kuukuu, akampa mfuniko. Mama akafunika moto kwa kuusukuma mfuniko kutoka upande wake, mkono ukitetemeka. "Usifunue kuchungulia, utaulisha hewa. Acha upoe." Tulijaa uani wote, hata walinzi. Nikataka kuwapa nyota nne.

Sasa soma ankara: "Uandaaji wa mtaala kulingana na mahitaji ya mteja." Mahitaji gani, na mteja mlimfunga mdomo? Na huo ndio mstari wa bei kubwa kuliko yote!

Nyota moja. Kijana wa nyaya, kama unasoma hapa, njoo ofisini peke yako. Wale wa zamu ya usiku hawajashika mfuniko bado.