Dawa ya kutu nimeipenda, kizibo nimekichukia: tunasafisha tangi la Honda CB350

Haya jamani karibuni tena, mnanisikia? Nauliza kwa sababu video iliyopita mlilalamika kwenye komenti sauti inakwaruza, na ni kweli, maiki ilidumbukia kwenye beseni la oili chafu na mimi nikaipangusa nikaendelea kuitumia kama vile hakuna kitu. Leo nina mpya, tusiizungumzie tena.

Pikipiki mnaijua, ni ile Honda CB350 ya silinda mbili, zile zilizotoka kati ya 1968 na 1973, wanaiita 350 lakini ukipima injini ni cc 325, yaani sentimita za ujazo. Mambo ya nguvu na gia nilishayaeleza nayaruka. Leo ni tangi tu, na hiki kifurushi hapa cha kuondoa kutu ndani ya tangi, chupa tatu na vizibo viwili vya mpira. Jina nimelibandikia tepu, hakuna aliyenilipa na sitaki ugomvi na mtu.

Kwanza cheki ndani. Namulika tochi, sogezeni macho... mnaona? Rangi ya matofali kabisa. Hii pikipiki ilikaa miaka bila petroli, tangi tupu linavuta unyevu, linakula kutu kimya kimya. Na msidhani ni ya kuangalia tu, kapunje kamoja ka kutu kakishuka mpaka kwenye jeti ya kabureta, kale katundu kembamba ka kupitishia petroli, silinda moja inakata, na hii ina kabureta mbili kwa hiyo una sehemu mbili za kulia. Mimi nilisafisha kabureta mara tatu kabla akili haijaniingia kwamba uchafu unatoka juu. Mara tatu! Nafungua, nasafisha, nafunga, inawaka vizuri, siku mbili inaanza kukohoa tena.

Chupa ya kwanza ni sabuni ya kutoa mabaki ya petroli iliyooza. Inafanya kazi, harufu mbaya, tuendelee.

Chupa ya pili ndiyo yenyewe. Ni asidi ya fosforiki, na hapa nawapa sifa zao hawa watu, kwa sababu haitoi kutu tu halafu ikaacha chuma uchi, inageuza kutu iliyobaki kuwa utando wa fosfeti, ule wa kijivu kijivu, na huo unazuia kutu kurudi haraka. Ukitumia siki, na najua mtaniandikia siki siki siki, siki inafanya kazi sawa, lakini inachukua siku nzima au zaidi na ukishaimwaga tu ukasuuza kwa maji chuma kinaanza kuwa cha njano mbele ya macho yako, dakika chache tu. Kuna unga wa asidi ya sitriki pia, huo naupenda, bei rahisi, kwa hela ya kifurushi hiki unanunua unga wa kusafisha matangi mpaka uchoke. Na kuna wale wa umeme, unajaza tangi maji ya magadi na umeme wa chaja ya betri unatoa kutu, njia nzuri sana ile, ila tafadhali kile kipande cha chuma unachotumbukiza kisiwe cha stenlesi, kinatoa sumu ya kromiamu kwenye maji, chukua chuma cha kawaida.

Mnaniona nina glavu na miwani. Hapana sigara hapa, hapana cheche. Sababu nawaonyesha sasa hivi.

Sasa. Kizibo.

Naomba mkiangalie hiki kitu. Hiki kidogo kinaingia chini kwenye tundu la koki ya petroli, na hiki kikubwa kinaziba mdomo. Maelekezo yanasema "ziba kwa nguvu kisha geuza tangi". Chupa ni lita moja, tangi ni kama lita 12, kwa hiyo ni lazima ugeuze geuze, nusu saa upande huu, nusu saa upande ule. Na tangi lenyewe limekaa kama tandiko la punda, lina miguu miwili huku chini, dawa inajificha mguu mmoja na mwingine unabaki mkavu. Sawa. Nimeziba kwa nguvu kama walivyosema. Nageuza... naweka juu ya beseni... subirini. Subirini tu msiondoke, hii sijaikata makusudi.

Mmesikia? Pah! Hicho hapo kizibo, kimeruka mpaka chini ya meza. Na beseni limejaa dawa, na dawa imepita juu ya rangi ya tangi, na hiyo rangi nilitaka kuibakiza!

Yaani mtu aliyeandika yale maelekezo hajawahi kufanya hii kazi. Asidi ikigusa chuma kisafi inatoa hidrojeni, ni gesi, inajaa, inasukuma. Ndiyo maana nimesema hapana cheche, hidrojeni na mvuke wa petroli uliobaki si vitu vya kuchezea. Na hawa wanakuambia ziba kwa nguvu! Walitakiwa waweke kizibo chenye katundu kadogo ka kupumulia, basi, hicho tu. Nimekirudisha tena, tazama, nakibana na gumba langu. Unasikia kinavyosukuma? Kama mtoto anataka kutoka nje. Nalegeza... pssss. Mnasikia? Sasa nitakaa hapa nalegeza kila dakika tano kama mlinzi.

Na kidogo cha chini nacho kinavuja, angalieni matone haya, tone, tone, yanatembea kwenye tumbo la tangi pale ambapo rangi imevimba vimba kidogo kwa uzee. Nimekaza, kinavuja. Nimezungushia tepu ya bomba, kinavuja. Kizibo kibovu kabisa, nakichukia kwa moyo wote.

Wakati tunasubiri, habari za chaneli. Wale mnaotaka nikate fremu nyuma nifanye kafe resa, ule mtindo wa pikipiki za mbio za zamani, jibu ni hapana. Fremu hii haijakatwa tangu kiwandani, siti nitabadilisha, hendo nitashusha, taa nitaweka ndogo, vyote hivyo ukijuta unarudisha kwa spana. Ukikata fremu umekata. Kuna chaneli nyingine kubwa, mnaijua, kila wiki wanakata fremu na grainda halafu muziki unapigwa, sawa, wao wana pikipiki kumi. Mimi nina hii. Na video ya kubadilisha mfumo wa plagi uwe wa kielektroniki inakuja, msinisukume.

Haya, mara ya pili nimemaliza. Namwaga... jamani. Jamani! Angalieni ndani. Kijivu tupu. Kijivu kama tumbo la samaki, mpaka kwenye kona za ile miguu. Kwa hapo sina neno, hii chupa ya pili wangeiuza peke yake ningenunua mbili.

Kuhusu kutikisa vitu ndani ili kukwangua kutu, wengi wanaweka nati. Tangi la kwanza kabisa nililosafisha niliweka nati 30, nikatoa 29. Sumaku haisaidii kwa sababu inang'ang'ania tangi lenyewe, niligeuza lile tangi siku mbili nasikia kanati kanacheza klin klin ndani. Sasa natumia cheni fupi kuukuu, unashika ncha unavuta inatoka yote. Leo sikuhitaji hata cheni.

Suuza maji yenye magadi kidogo kuua asidi, kausha haraka kwa upepo, halafu mwagia oili nyepesi kidogo uzungushe ishike kote kama tangi litakaa bila petroli.

Chupa ya tatu. Hii ni rangi ya ndani, inakauka inakuwa ngozi ngumu. Hapa ndipo naachana nao. Tangi likiwa na unyevu kidogo tu haishiki, inabanduka baadaye vipande vipande, inaziba koki, na kuitoa ni shughuli kuliko kutu yenyewe. Petroli yenye ethanoli nayo imezishinda nyingi za zamani. Kama tangi lako halina tundu, usiweke kitu. Langu ni chuma kizima, kwa hiyo hii naiweka kabatini, na kusema kweli nusu ya bei ya kifurushi iko kwenye hii chupa nisiyoitumia, kwa hiyo ukiniuliza nikuambie nunua au usinunue... nunua asidi peke yake popote uipatapo, tafuta kizibo chako mwenyewe.

Ngoja tu niwaonyeshe jinsi ya kuhakikisha halina tundu kabla sijafunga. Sijapaka oili bado. Nazima taa, tochi naitumbukiza ndani kwa mdomo, naziba pembeni na kitambaa. Tunazunguka. Upande huu giza. Huku giza. Nageuza chini...

Ah.

Kameraa sogea hapa. Mnaona kanyota? Hapo, kando ya koki, katikati ya ile rangi iliyovimba. Kamoja... na kengine pembeni yake. Kutu ndiyo ilikuwa imeziba, sasa nimeiondoa. Kwa hiyo yale matone, tone, tone, niliyokuwa namtukania kizibo...

Kizibo cha chini, samahani. Wewe mkubwa uliyeruka, bado hatujaelewana.

Basi nafungua kabati. Wiki ijayo ni chupa ya tatu.